Muulize Mwalimu: Nianze na lugha ipi ya programu?

Tangu nilipotaja katika toleo lililopita kwamba darasa langu la jioni hapa Tanga linafundisha kuandika programu, barua zote zimekuwa za swali hilohilo, kila moja na sura yake. Nimechagua chache na kuzifupisha. Salamu za nyumbani nimezipokea, ahsanteni.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani katika duka la jumla, tunauza sukari, unga, mafuta na sabuni. Nina laptopu ya zamani, Windows 7, RAM GB 4. Nataka kujifunza kuandika programu lakini kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja anasema Python, wa pili Java, wa tatu anasema asiyeanza na C hajui kitu. Nimeshapoteza miezi nikisoma mabishano yao. Nianze na ipi?
*Karani, Korogwe*

Marahaba, mwanangu. Hao watatu kila mmoja amekutajia lugha aliyoanza nayo mwenyewe, na ndivyo watu tulivyo. Hakuna aliyekuuliza unataka programu ifanye nini, una kompyuta ya namna gani, wala ukikwama saa tatu usiku utampigia nani. Mimi huuliza hayo matatu, na hilo la mwisho ndilo ninaloliweka mbele.

Nimewaona wanafunzi wengi wakiacha, na ni wachache walioacha kwa sababu lugha ilikuwa ngumu. Waliachishwa na alama moja iliyokosekana, nukta mbili au bano la kufungia, wakakesha nayo bila mtu wa kuwaambia "hebu tazama mstari wa nne". Kwa hiyo kama hapo Korogwe yupo kijana anayetengeneza tovuti kwa PHP na yuko radhi kukaa na wewe Jumamosi mchana, anza na PHP na usimwombe mtu radhi. Mtandaoni watakuambia imezeeka. Kweli Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994, lakini WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, sehemu yake kubwa imeandikwa kwa PHP, na tovuti za WordPress zinahitaji mafundi kila mji.

Ila hukunitajia mtu, kwa hiyo nachukulia huna. Basi anza na Python.

Sababu yangu ni kazi yako. Karani wa duka la jumla anashinda na orodha: bidhaa, idadi, bei, nani kalipa na nani kakopa. Python inazisoma orodha za namna hiyo bila kuongezewa kitu. Tuseme mauzo ya leo umeyaandika kwenye Excel, ukayahifadhi kama faili la CSV (orodha ya maandishi matupu, safu zimetenganishwa kwa mkato) lenye jina mauzo.csv, na ndani mna hivi (bei ni za mfano, usinishtakie kwa bosi wako):

```
bidhaa,idadi,bei
sukari,12,3000
unga,8,1800
sabuni,20,700
```

Programu ya kujumlisha ni hii:

```
import csv

jumla = 0
with open("mauzo.csv") as faili:
    for mstari in csv.DictReader(faili):
        jumla = jumla + int(mstari["idadi"]) * int(mstari["bei"])

print("Mauzo ya leo:", jumla)
```

Ukiiendesha itaandika: Mauzo ya leo: 64400. Chukua kikokotoo uhakikishe, usiniamini tu.

Sasa isome tena taratibu. Majina *jumla*, *faili* na *mstari* nimeyatunga mimi, kwa Kiswahili, na Python haina ubishi nayo. Nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari si mapambo: ndizo zinazoonyesha kwamba kazi hii imo ndani ya ile. Halafu kuna hilo *int*. Faili la CSV linaleta kila kitu kama maandishi, hata namba. Ile 12 ya sukari inaingia ikiwa herufi 1 iliyofuatwa na herufi 2, na *int* ndiyo inayoigeuza iwe namba ya kuhesabia. Ifute *int* kote kuwili, uendeshe tena. Python itagoma, itakutajia namba ya mstari ilipogomea, na chini kabisa itaandika:

```
TypeError: can't multiply sequence by non-int of type 'str'
```

Kiingereza chenyewe kinatisha kuliko maana yake. Inakuambia: umenipa maandishi, unaniambia niyazidishe kwa maandishi, siwezi. Hapa ndipo Python inapomfaa anayeanza. Inakurudishia kazi kama keshia wa benki anavyokurudishia fomu, kidole kikiwa juu ya pale ulipokosea. Zipo lugha, kama utakavyoona kwenye barua inayofuata, ambazo hupokea kazi yenye kosa hilohilo na kukupa jibu la ajabu bila kusema neno.

Java si mbaya. Mabenki yanaitegemea, na DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo ambao wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hukusanyia takwimu za zahanati na hospitali, kiini chake ni Java. Lakini kwa miaka mingi, ili Java iandike "Habari" tu, ilibidi utangulize *public static void main* na mabano yake, na mwalimu alazimike kusema hayo yaacheni, tutayaeleza muhula ujao. Matoleo ya karibuni yamepunguza mzigo huo. Vitabu na video zilizoko mikononi mwa watu bado ni za mtindo wa zamani. C nitaisema kwenye barua ya tatu.

Laptopu yako inatosha, mtu asikwambie ununue mpya. Unachotakiwa kujua ni kwamba Python 3.8 ndilo toleo la mwisho linalokubali Windows 7. Ukipakua jipya litakataa kusakinishwa na utadhani umekosea wewe. Njia rahisi ni Thonny, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza, na Python imo ndani yake tayari. Kwenye ukurasa wao chagua toleo lenye Python 3.8, linalofaa kuanzia Windows 7. Mwombe mwenye intaneti nzuri akuwekee kwenye flashi, na baada ya hapo hutahitaji bando kufanya mazoezi. Thonny ina kitu kimoja ninachokipenda mno: ukibonyeza kitufe chenye picha ya mdudu na kufungua dirisha la Variables, programu yako inakwenda hatua kwa hatua huku ukiiona *jumla* ikipanda, 0, 36000, 50400, mpaka 64400. Nimeona watu wazima wakicheka kwa furaha mbele ya dirisha hilo.

Jihadhari na vitabu vya PDF vinavyozungushwa WhatsApp, maana vingi ni vya Python 2. Ukiona kitabu kinaandika print "Habari" bila mabano, kifute hapohapo. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020.

Na usianze na video za saa arobaini. Jumlisha kwanza mauzo ya siku kama hapo juu. Ukiweza, programu itoe jumla ya kila bidhaa peke yake. Kisha nenda kwenye daftari la madeni: liingize kwenye CSV yenye jina, kiasi na tarehe, uandike programu inayowataja waliopitisha siku 30. Hizo tarehe zitakutesa kidogo, na acha zikutese, kwa sababu bosi akiiona orodha ile hatakuuliza tena unafanya nini na laptopu kazini.

Siku ukitaka kutengeneza programu ya simu za Android, hiyo ni habari nyingine. Huko wanatumia Kotlin, ambayo Google iliikubali rasmi mwaka 2017, pamoja na Android Studio inayotaka RAM ya GB 8 kwenda juu. Kwa sasa iache.

Asalaam aleikum Mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, sina kompyuta, nina simu ya Android tu. Shangazi yangu huoka keki za sherehe na nataka kumtengenezea tovuti ili watu waagize. Rafiki zangu wananicheka, wanasema simu haitoshi. Je, kuna lugha ya mtu mwenye simu?
*Msichana, Mombasa*

Waalaikum salaam, mdogo wangu. Simu yatosha kuanzia. Na wewe usiifuate barua ya juu: chukua JavaScript, ukitanguliza HTML na CSS. HTML huweka maneno na picha mahali pake, CSS hushughulika na rangi na mpangilio, na zote mbili utazishika upesi. JavaScript ndiyo lugha ya programu hasa, na Chrome iliyo kwenye simu yako inaijua tayari, huhitaji kuiletea chochote. Java ni lugha nyingine kabisa, usije ukanunua kitabu chake.

Sakinisha Acode, ambayo ni programu ya kuandikia msimbo kwenye Android, unda faili la index.html, ulifungue kwa kivinjari. Kitakachokuchosha ni kibodi ya simu, maana mabano na alama zote unazozihitaji zimefichwa ndani ndani. Tafuta waya wa OTG na kibodi ya USB, hata ile iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu kwa fundi wa mtaani kwenu. Ukiviunganisha utaandika sawasawa na mwenye laptopu, na hao rafiki zako watakuja kuomba kuazima.

Kabla hata hujagusa JavaScript, mpe shangazi kitufe cha kuagizia. Mstari mmoja tu:

```
<a href="https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Naomba%20keki">Agiza hapa</a>
```

Mahali pa 7XXXXXXXX weka namba yake ya WhatsApp bila sifuri ya mwanzo, na mbele ya 254 usiweke alama ya kujumlisha. Mteja akibonyeza, WhatsApp inafunguka na ujumbe umeshaandikwa. Hapo shangazi anaanza kupokea oda wakati wewe bado unajifunza, na nakuhakikishia hatakusumbua tena kuhusu muda unaokaa na simu.

JavaScript inakuja pale unapotaka ukurasa uhesabu. Tuseme mteja ana kisanduku cha bei ya keki, na wewe unaongeza shilingi 300 za bodaboda:

```
let bei = document.getElementById("bei").value;
let jumla = bei + 300;
```

Keki ni 1500. Jumla itatoka ngapi? Itatoka 1500300. Mteja ataambiwa alipe milioni moja na nusu na mia tatu, na ukurasa utaonekana mzima kabisa, hakuna wekundu, hakuna onyo. Kila kinachoandikwa kwenye kisanduku huja kama maandishi, na JavaScript ikikutana na maandishi na namba katikati ya alama ya kujumlisha, huigeuza namba iwe maandishi na kuyaunganisha. Python ingegoma. Dawa ni kuandika *Number(bei) + 300*, na kila unapochukua thamani ya kisanduku jiulize kama umeigeuza. Brendan Eich aliiandika lugha hii mwaka 1995 akiwa Netscape, toleo la kwanza kwa siku kumi, na haraka ile sisi tunaila hadi leo. Ndiyo maana kwa mtu mwenye kompyuta huwa siiweki ya kwanza. Wewe una simu, na una kazi ya shangazi inayokungoja, kwa hiyo kwako ndiyo yenyewe.

Ukiwa tayari, GitHub Pages itakuhifadhia tovuti hiyo bure. Mambo ya kununua jina la .co.ke yasubiri keki ziuzike.

Mwalimu, niko mwaka wa kwanza na chuo kimetuanzishia C. Jaribio la kwanza nimefeli. Programu yangu inaandika "Segmentation fault" kisha inanyamaza, haisemi ni mstari gani. Wenzangu wa chuo kingine wanasoma Python na wanafurahia. Niiache C nijifunze Python peke yangu?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Usiiache. Kama ungekuwa peke yako nyumbani ningekuambia uikimbie, lakini wewe una mhadhiri, una maabara, una darasa zima lenye kosa kama lako. Watu wa kuuliza unao tele.

Na nakisia kosa lenyewe. Tazama kama umeandika hivi:

```
int umri;
scanf("%d", umri);
```

Inatakiwa *&umri*. Alama hiyo ndogo inamaanisha "mahali umri unapokaa kwenye kumbukumbu". Usipoiweka, C inachukua takataka iliyokuwemo ndani ya *umri*, inaichukulia kuwa ni anwani, na inakwenda kuandika huko. Mfumo wa kompyuta unaona programu imeingia uwanja usio wake, unaiua. Basi, ndiyo Segmentation fault.

Safari nyingine, unapoigeuza programu iwe ya kuendeshwa, usitumie *gcc* tupu. Andika *gcc -Wall -g -fsanitize=address*. Hiyo *-Wall* itakuonya kuhusu *scanf* hata kabla hujaendesha, na hiyo ya mwisho makosa mengi ya kumbukumbu itakutajia na mstari wake. Sijui kwa nini wanafunzi hawaambiwi hili wiki ya kwanza.

Dennis Ritchie aliitengeneza C Bell Labs mwaka 1972 ili aandikie mfumo wa kompyuta, hakuwaza wanaoanza. Lakini kiini cha Linux kimeandikwa kwa C, na hata Python wanayoifurahia wenzako imeandikwa kwa C. Ukimaliza mwaka huu ukihamia Python utaona umepewa likizo. Mimi nilianza na Pascal, aliyoitunga Niklaus Wirth mwaka 1970 kwa ajili ya kufundishia, na ni miaka mingi sijaandika mstari wake hata mmoja. Hakuna aliyenidai.

Jambo Mwalimu. Niko Bukavu, natunza hesabu za ushirika wa kahawa. Nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, Kiingereza nakisoma kwa kubahatisha, na kibodi yangu ni AZERTY. Programu zote naona ni za Kiingereza. Nitaweza?
*Mtunza hesabu, Bukavu*

Jambo sana, kaka. Utaweza, na kwako nasema Python bila kusita.

Maneno ya Kiingereza ambayo Python imeyahodhi ni 35 tu, *if*, *for*, *while*, *return* na wenzake, na utakayoyatumia kila siku hayafiki nusu. Mengine yote unatunga wewe kwa Kiswahili au Kifaransa. Maelezo rasmi ya lugha yametafsiriwa kwa Kifaransa, yako docs.python.org/fr, kwa hiyo katika hili wewe una nafuu kuliko msomaji wangu wa Korogwe. Na usidhani lugha hizi ni mali ya Waingereza na Wamarekani. Guido van Rossum aliyeanzisha Python ni Mholanzi, aliianza Amsterdam mwishoni mwa 1989 na kuitoa 1991. Lua ilitoka Brazil, Ruby ilitoka Japani.

Kibodi pia inakupeleka hukohuko. Kwenye AZERTY mabano ya mawimbi hayapatikani bila AltGr, na katika JavaScript, Java na C unayahitaji karibu kila baada ya mstari. Python mahali pake hutumia nukta mbili na nafasi. Vidole vitakushukuru.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Kiingereza havitakuambia. Excel iliyopangwa kwa Kifaransa ikihifadhi CSV hutenganisha safu kwa nukta-mkato badala ya mkato, kwa kuwa mkato umeshatumika kwenye desimali: kilo 12,5. Ukinakili mfano wangu wa juu kama ulivyo hautafanya kazi. Andika hivi:

```
jumla = 0
for mstari in csv.DictReader(faili, delimiter=";"):
    kilo = float(mstari["kilo"].replace(",", "."))
    jumla = jumla + kilo
```

Hapo mkato unageuzwa nukta kwanza, kisha maandishi yanageuzwa namba. Nimetumia *float* kwa sababu *int* haikubali maandishi yenye nukta, na kahawa ya mkulima haipimwi kwa kilo nzima nzima.

Mwalimu, mpwa wangu hajui lugha yoyote ya programu. Anaiandikia akili bandia sentensi mbili, inamtolea programu nzima. Ameshanitengenezea ya kutolea risiti. Mimi nina miaka 47, bado nijifunze lugha ya nini?
*Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Arusha*

Kaka, kabla sijajibu, fanya jaribio moja kwenye programu hiyo ya risiti. Ingiza bidhaa ya shilingi 118,000, bei ambayo VAT imo ndani. Kwa asilimia 18 ya Tanzania Bara, VAT iliyomo ni 18,000 kamili. Programu ikisema 21,240, basi mpwa wako amekuletea hasara.

Kosa hilo nimelikuta zaidi ya mara moja, na mashine huliandika kwa kujiamini:

```
vat = bei * 0.18
```

Hiyo ni sahihi kama bei haina VAT. Kama VAT imo ndani, ni *bei * 18 / 118*. Tofauti ni shilingi 3,240 kwa risiti moja, na anayekuja kuulizwa ni wewe, maana risiti ina jina la duka lako. Mpwa hawezi kuliona kwa sababu hajui kusoma msimbo. Mashine haijui kama bei zako unaziandika na VAT au bila, isipoambiwa. Wewe unajua. Kinachokosekana ni wewe kuweza kuusoma huo mstari mmoja.

Kwa hiyo jifunze kiasi cha kusoma. Python, si zaidi ya masharti, mzunguko na hesabu. Kwa mtu anayejua VAT tayari, si mlima. Wala siikatai hiyo akili bandia. Nilimwambia karani wa Korogwe kwamba kupata mtu wa kumuuliza ndilo jambo la kwanza, na kwa aliye peke yake usiku hiyo mashine inaziba sehemu ya pengo hilo. Iulize ujumbe wa kosa una maana gani. Iombe ikueleze mstari kwa mstari. Usiiombe ikufanyie zoezi lote, kwa kuwa utabaki na programu usiyoweza kuitetea mbele ya mkaguzi.

Binti yangu ana miaka tisa na anataka "kutengeneza gemu". Naogopa kumwanzishia jambo la wakubwa.
*Mama wa mmoja, Unguja*

Scratch, bi mkubwa. Ilitolewa na maabara ya MIT mwaka 2007, ni ya bure, imekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16, na ukurasa wake unaweza kuugeuza uwe wa Kiswahili. Mtoto haandiki, anaburuta vipande vya rangi na kuviunganisha, na paka kwenye skrini anatembea, anaruka, analia. Inasakinishwa kwenye kompyuta ikatumika bila intaneti. Kaa naye siku ya kwanza, umwombe amfanye paka azunguke pembe nne za skrini na kurudi alipoanzia, kisha mwache. Akikuita kila dakika, mjibu kila mara "wewe unaonaje?" na uendelee na shughuli zako. Python itafika wakati wake, hakuna haraka.

Mwalimu nimeshaanza Python lakini inaniletea TabError, na mistari yangu imenyooka kabisa. Nimekuambatishia picha ya skrini.
*Bila jina, Morogoro*

Mistari imenyooka machoni mwako tu. Mingine umeianza kwa kitufe cha Tab na mingine kwa nafasi nne, na Python haikubali uchanganye. Kwa kawaida hutokea ukinakili kipande kutoka mtandaoni ukakibandika chini ya kile ulichoandika mwenyewe. Nenda kila mstari ulio ndani, futa mwanzo wake mpaka ukutani, kisha weka nafasi nne kwa kitufe cha nafasi. Halafu ipange programu unayoandikia ili Tab iweke nafasi nne yenyewe.

Na mara nyingine nitumie maandishi yenyewe ya programu, pamoja na ujumbe wote wa kosa. Kwenye picha, Tab na nafasi nne hazitofautiani, kwa hiyo hapo juu nimekujibu kwa kukisia.